Kilichozaa Chama cha Watu wa Nyumbani

Katika nyumba za kupanga za Kiganjo, pembeni mwa mji wa Thika, wanaishi Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na Wakikuyu waliofuata kazi za viwandani, za ujenzi na za mashamba ya mananasi. Wengi wana chama cha watu wa nyumbani, yaani cha waliotoka eneo moja wanaosaidiana hasa katika mazishi, na anayekitazama kwa mbali hudhani ni mabaki ya kijiji, mila iliyopandishwa basi pamoja na gunia la mahindi. Nashikilia kwamba chama hicho ni zao la mji. Kijijini mazishi hayahitaji katibu wala mweka hazina; jirani akisikia kilio huja na jembe, kuni au unga. Kodi ya nyumba, mshahara wa mwisho wa mwezi na safari ya zaidi ya kilomita 300 hadi Kisumu ndivyo vilivyowalazimisha watu kuandikana majina daftarini.

Daftari lenyewe linasema mengi: jina, kijiji cha asili, kiingilio, mchango wa mwezi, faini ya kuchelewa, kisha orodha ya wale ambao chama kitawazika, yaani mwenzi, watoto, wazazi, pengine na wakwe. Hiyo orodha ndiyo inayobishaniwa zaidi, kwa kuwa kila jina linaloongezwa ni mzigo wa wote. Msiba ukitokea, mmoja hushughulikia mochari, mwingine kibali cha mazishi, wa tatu gari. Mikopo na karo za watoto hufuata baadaye, chama kikishaaminika kwa kuzika.

Historia inaonyesha hivyo hivyo. Luo Union ilitokana na wafanyakazi wa mijini, ikafika hata Kampala, na mwaka 1953 Oginga Odinga akawa Ker, kiongozi wake mkuu. Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi iliagiza vyama vya kikabila vivunjwe. Luo Union, GEMA (chama cha Wagikuyu, Waembu na Wameru) na New Akamba Union vikaondoka, na timu ya soka ya Abaluhya ikabadili jina kuwa AFC Leopards. Lau siasa ingekuwa ndiyo roho ya vyama hivi, visingebaki hata vile vidogo. Lakini vikundi vya ukoo na vya kijiji viliendelea kuchanga, kwa sababu watu waliendelea kufa mbali na kwao.

Wapo wanaosema kwamba vyama hivi hulea ukabila na kumkandamiza mtu mmoja mmoja. Hoja hii ina uzito. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ulikataa, ukashinda mahakamani, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya. Kauli ya mjane ilizimwa, na sioni namna ya kulitetea jambo hilo. Hata hivyo, dhuluma hiyo haiondoki kwa kukivunja chama. Huondoka katiba yake inapoeleza wazi kwamba mjane na watoto ndio wenye neno la mwisho, na chama kazi yake ni kusaidia.

Wengine husema M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu iliyoanza mwaka 2007, pamoja na bima ya mazishi vimekifanya chama kipitwe na wakati. Simu imerahisisha kuchanga, hilo halina ubishi. Lakini kampuni ya bima hailipi mtu wa kulala na mfiwa katika chumba kimoja cha kupanga, wala wa kusimama kaburini na kuwaeleza wazee wa kijiji marehemu aliishi vipi huko mjini. Kazi hizo hufanywa na anayemjua, na mjini anayekujua sana si lazima awe wa ukoo wako. Ndiyo maana wapangaji wa ploti moja nao huchangiana, Mkikuyu akalipa sehemu ya gari linalopeleka maiti Nyamira, na zamu yake ikifika Mkisii akapanda basi la kwenda Murang'a.