Reli Ndani ya Chumba

Katika nchi za Marekani, Uingereza na Ujerumani wako watu wazima wengi, makarani, mafundi, hata wahandisi, ambao wakishamaliza kazi zao za mchana huingia chumbani kuendesha magari ya moshi. Magari hayo ni madogo sana, lakini yana magurudumu yake, taa zake, na siku hizi hata mlio wa filimbi. Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya watoto. Jarida la Kimarekani liitwalo Model Railroader lilianza kuchapwa mwaka wa 1934, na mwaka wa 1935 wapenzi wa kazi hii walianzisha chama chao, National Model Railroad Association, katika mji wa Milwaukee.

Kipimo kinachopendwa zaidi huitwa HO, maana yake kila kitu ni sehemu moja ya 87 ya kitu chenyewe. Tuchukue mfano wa kwetu. Injini za Garratt za jamii ya 59 zilitengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock, zikaletwa Afrika ya Mashariki mwaka wa 1955 na 1956. Urefu wa kila moja ulikuwa futi 104. Mmoja wa majitu hayo, Mount Gelai, amehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Katika kipimo cha HO injini hiyo ingekuwa na urefu wa inchi 14 hivi, nayo ingekaa juu ya meza ya karani bila taabu.

Injini basi si tatizo. Tatizo ni masafa. Maili moja ya reli ya kweli huwa futi 60 katika HO, na ni nani aliye na chumba cha urefu wa futi 60? Njia ya zamani kutoka Mombasa hadi Nairobi, ambayo ni maili 330 hivi, ingehitaji reli ndogo ya karibu maili 4. Kwa hiyo kazi ya mchoraji si kuinakili reli yote, bali ni kuamua atakachokiacha. Achague stesheni moja au mbili, kilima kimoja, kiwanda kimoja chenye shehena ya kubebwa, na mengine yote ayaage.

Mtu aliyefundisha jambo hili vizuri kuliko wengi alikuwa John Armstrong, mhandisi Mmarekani, ambaye mwaka wa 1963 alitoa kitabu chake juu ya uchoraji wa njia za reli ndogo. Njia yake ni rahisi kama kupima shamba kwa hatua. Kwanza amua kona kali kuliko zote utakayoikubali. Tuseme reli itazunguka inchi 18 kutoka katikati ya duara. Kisha ongeza mara mbili ya nafasi iliyo kati ya njia mbili zinazokwenda sambamba, tuseme inchi 2 mara mbili. Jumla ni inchi 22. Sasa gawanya chumba chako katika miraba yenye inchi 22 kila upande, na kumbuka kwamba robo moja ya duara hula mraba mmoja. Chumba cha urefu wa futi 11 kina miraba 6 tu kwa urefu wake! Watu wengi huanza na ubao mmoja wa plaiwudi wa futi 4 kwa futi 8. Wakipima hivi wataona kwamba karibu nusu ya ubao humalizwa na kona za ncha mbili, hata kabla ya kuweka stesheni.

Kilima nacho kina hesabu yake. Ili njia moja ipite juu ya nyingine, yahitaji kupanda kama inchi 3, na kwa mwinuko wa 2 kwa 100 hiyo ni safari ya inchi 150, yaani futi 12 na nusu. Wanaoanza hulisahau jambo hili, wakapata mlima ambao injini haiupandi. Tena mkono wa mtu haufiki vizuri zaidi ya inchi 30. Behewa likianguka mbali kuliko hapo, nani ataliinua?

Kwa maoni yetu swali kubwa ni hili: treni itafanya kazi gani? Treni izungukayo tu huchosha macho baada ya juma moja. John Allen wa Monterey, California, aliyejenga reli maarufu iitwayo Gorre & Daphetid, aliipanga iendeshwe na rafiki zake kama reli ya kweli, kwa ratiba. Alikufa Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza reli hiyo. Picha zake zimebaki, na wachoraji huzitazama hata leo.

Kuhusu vifaa, habari hubadilika haraka. Zamani umeme wa relini uliziendesha injini zote pamoja, ikalazimu njia ikatwe vipande vipande na kila kipande kiwe na swichi yake. Tangu miaka ya 1990 kila injini yaweza kubeba chombo kidogo kinachosikia amri yake peke yake, na mchoraji ameondolewa mzigo mkubwa wa nyaya. Lakini si kila kitu huenda na kingine. Mabehewa ya Märklin ya Ujerumani, ambayo injini zake huchukua umeme katikati ya njia, hayawezi kuwekwa ovyo juu ya reli ya watengenezaji wengine. Aidha reli yetu ya upana wa mita moja hufanyiwa mfano kwa reli ya milimita 12, bali ile mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2017 hutaka milimita 16.5.

Siku hizi watengenezaji wengi hutangaza injini kabla ya kuitengeneza, wakapokea maagizo, kisha wakatoa idadi ndogo tu. Mnunuzi hulazimika kusoma matangazo kila mwezi, naye aliye na mchoro mkononi huona mara moja kama injini hiyo yenye urefu wa inchi 14 itapita katika kona yake ya inchi 18.