Ukikwama, Utampigia Nani?

Hebu fikiria ngazi. Kipandio cha chini kabisa ni sufuri, maisha mabaya zaidi unayoweza kuishi. Cha juu ni 10, maisha bora zaidi. Wewe leo umesimama wapi?

Swali hilo huulizwa watu katika nchi nyingi, na majibu yao ndiyo hupanga orodha ya Ripoti ya Furaha Duniani, iliyoanza kutolewa 2012. Kuanzia 2018 hadi 2025, Finland ilishika nambari moja kila mwaka.

Ni pesa? Tusidanganyane, pesa inasaidia. Kucheka ni kazi ngumu kodi ya nyumba ikiwa imechelewa. Lakini mwaka 2025 Marekani, pamoja na utajiri wake wote, ilikuwa nambari 24. Costa Rica, ambayo pato lake kwa kila mtu halifiki nusu ya lile la Marekani, ilikuwa nambari 6.

Ndiyo maana ripoti haiangalii pato pekee. Inaangalia pia afya, uhuru wa kujiamulia maisha, ukarimu, ufisadi, na jambo moja rahisi: ukipata shida, una jamaa au rafiki wa kutegemea, ama huna?

Hapa Kenya tunalielewa hilo vizuri. Mtoto anaugua usiku, unapiga simu moja, pesa inaingia. Watafiti William Jack na Tavneet Suri walilipima. Katika utafiti wao wa 2014, familia zisizotumia pesa kwa simu zilipopatwa na janga, matumizi yao yalishuka kwa asilimia 7. Waliotumia huduma hiyo hawakutetereka, kwa sababu jamaa na marafiki waliweza kuwatumia pesa haraka, hata wakiwa mbali.

Kwa hivyo, tunakushauri hivi:

- Weka akiba ya dharura, hata bob 50 kwa siku. Itakusaidia kabla hujakopa, na siku nyingine utamwokoa mwenzako.
- Chama chenu kiwe na rekodi ambayo kila mwanachama anaiona. Pesa ikipotea, urafiki nao huenda.
- Ukipata ujumbe "nimekwama, tuma kwa namba hii", mpigie kwanza kwa namba yake unayoijua. Tapeli anajua una moyo wa kusaidia, na hapo ndipo anapokuvizia.

Na leo, kabla shida haijabisha, mpigie yule mtu wako. Msalimie tu.