Saa ya Kiswahili na Faragha katika Usanifu wa Programu ya Kukumbusha Dawa: Mazingatio kwa Watumiaji wa Ubaruku, Mbarali

Mgonjwa wa Ubaruku akiambiwa ameze dawa saa mbili asubuhi, simu yake huonesha 8:00. Akiingiza 2:00 katika programu, kengele italia saa nane usiku. Kwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, pengo hilo la saa sita si dogo. Kwa hiyo, wepesi wa programu kwa mtumiaji huanzia kwenye saa, kabla ya rangi na vitufe. Kutafsiri menyu pekee hakutoshi.

Suala la pili ni maneno yenyewe. Katika utafiti wa WelTel nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet na kuhusisha wagonjwa 538, kliniki ilituma kila wiki neno moja, "Mambo?", na mgonjwa akajibu "Sawa" au "Shida". Dawa haikutajwa. Ufuasi wa dawa ulikuwa asilimia 62 kwa waliotumiwa ujumbe na 50 kwa wengine. Pale simu moja inapotumiwa na kaya nzima, salamu hulinda siri ambayo neno "dawa" kwenye kioo lingeifichua.

Huko Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, ujumbe wa kila wiki uliongeza ufuasi, lakini ule wa kila siku haukufua dafu. Yamkini kengele ya kila siku huzoeleka. Aidha, mkulima anayeinga ndege majarubani tangu alfajiri huhitaji programu inayofanya kazi bila intaneti na isiyomaliza chaji.