Usiku wa Bariadi na Usiku wa Mwezini: Hoja za Upimaji wa Hifadhi ya Nishati ya Jua kwa Haidrojeni

Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ipo takriban nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa mwaka hapo haifiki nusu saa. Anayefunga paneli za jua katika zahanati ya kijijini hulazimika kuvuka giza la saa 12, pamoja na siku za mawingu za msimu wa mvua. Mwezini, usiku mmoja huchukua takriban saa 354. Urefu huo wa giza, kuliko ubora wa kifaa chenyewe, ndio unaoamua namna nishati ya jua inavyopaswa kuhifadhiwa.

Mfumo unaojadiliwa hapa hufanya kazi kwa mzunguko. Mchana, umeme wa paneli huyatenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni, na gesi hizo huwekwa katika matangi mawili. Usiku, gesi hupitishwa katika seli inayoziunganisha tena. Hutokea umeme, joto na maji yale yale ya awali. Vyombo vya Apollo navyo vilitumia seli za haidrojeni, ila gesi zake zilibebwa kutoka duniani na hazikurudishwa baada ya kutumika.

Hesabu ndogo huonesha faida yake. Mzigo wa kilowati 1 kwa usiku mzima wa mwezini huhitaji uniti 354. Betri ya lithiamu yenye uwezo wa watisaa 200 kwa kilo ingekuwa na uzito wa kilo 1,770, hata ikikamuliwa yote. Kilo moja ya haidrojeni ina nishati ya uniti 33.3 hivi, seli ikigeuza asilimia 55 yake kuwa umeme, zitahitajika takriban kilo 19 za haidrojeni na kilo 153 za oksijeni, yaani maji yasiyozidi kilo 180. Matangi, pampu na vipoza joto huongeza uzito, lakini uzito wa mitambo ya kugeuza haukui kwa sababu tu usiku umerefuka. Kwa usiku wa Bariadi hesabu hiyo hupinduka: betri ya kilo 60 inatosha, na mitambo ya gesi pekee huweza kuipita kwa uzito. Isitoshe, mzunguko wa haidrojeni hurudisha nusu ya umeme ulioingia, au pungufu, ilhali betri ya lithiamu hurudisha takriban asilimia 90.

Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, nayo haikuhitaji zaidi ya paneli na betri, kwa kuwa ilitoka kivulini mwa dunia katika kila mzunguko wa saa moja na nusu hivi.

Kwa hiyo upimaji haupaswi kuishia kwenye swali la iwapo seli inatoa umeme. Katika kituo cha Glenn cha NASA, Marekani, mfumo uliofungwa kabisa ulilishwa umeme ulioiga mwendo wa jua, kuanzia sifuri hadi kilowati 15, ukatoa kilowati 5 mfululizo kwa zaidi ya saa 8. Kazi ngumu iliyofuata ilikuwa kuongeza mizunguko isiyokatizwa, kuuwezesha mfumo kujiendesha wenyewe, na kutambua hitilafu kabla haijatokea. Uvujaji mdogo usioonekana katika jaribio la siku moja hulimbikizwa mzunguko kwa mzunguko, na mwezini hakuna fundi wa kuongeza maji.

Kwa Simiyu, somo la upimaji huo lipo zaidi katika maji. Mzunguko uliofungwa hauyamalizi, jambo lenye uzito katika mkoa wenye ukame. Lakini utando wa seli huharibiwa na chumvi, na maji ya visima vya Meatu yanafahamika kwa wingi wa floridi. Jaribio lolote litakalofanywa huko lingepaswa kuhesabu pia umeme wa kuyasafisha maji ya kwanza, na kulinganisha jumla yake na betri ya kawaida katika zahanati ile ile, kwa mzigo ule ule wa jokofu la chanjo.