Mustang Lenye Kutu: Kabla Hujatoa Hela, Mwaga Maji

Mdogo wangu anayeishi Ohio alinitumia picha tatu za gari mwanzoni mwa Aprili. Ford Mustang la 1966, milango miwili, rangi ya bluu iliyopauka, limeegeshwa kwenye nyasi nyuma ya banda la mzee mmoja Mmarekani. Bei dola 4,000. "Kaka, injini inawaka," akaandika. "Nilichukue?"

Nikamjibu kwamba habari za injini tutaziulizia mwisho. Kwanza alale chini ya gari na tochi, anipigie picha za huko.

Wengi wetu tulioko Marekani tunalipenda gari hili tangu tulipokuwa tunalitazama kwenye filamu, na ukikuta moja limetupwa uani kwa mtu moyo unaruka. Halafu mtu anatoa akiba yake ya miaka miwili kabla hajajua gari lilivyotengenezwa. Na kwa Mustang, namna lilivyotengenezwa ndiyo inayoamua kama linafufuka au la.

Lilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, bei ikianzia dola 2,368. Ford waliweza kuliuza rahisi kwa sababu chini ya lile umbo la kupendeza kuna mifupa ya Falcon, gari la kawaida la familia. Watu wakaligombania. Kufikia Machi 1966 Mustang milioni moja zilikuwa zimeshatoka viwandani, na wingi huo ndio unaomsaidia mnunuzi wa leo: karibu kila bati la gari hili bado linatengenezwa jipya. Sakafu, fenda, buti, vyote unaviagiza na vinaletwa mlangoni.

Si kila gari la umri huo lina bahati hiyo. Mercury Comet ni la ukoo huohuo wa Falcon, na wazee wa Safari Rally watalikumbuka: mwaka 1964 Mercury walileta kundi zima la Comet Afrika Mashariki, barabara zetu zikayavunjavunja, na ushindi ukaenda kwa Ford Cortina GT ya Peter Hughes na Bill Young. Ukipata Comet lililooza leo, mabati mengi itabidi fundi ayakate na kuyakunja kwa mkono wake. Kutu ni ileile, gharama mbalimbali kabisa.

Sasa tuje kwenye mifupa. Land Rover la zamani lina chesi yake na bodi yake. Bodi ikichoka unaifungua boliti, unaweka nyingine. Mustang halina chesi ya namna hiyo. Sakafu, vizingiti vya milango na reli za bati zilizochomelewa chini ya gari, hizo zote kwa pamoja ndizo chesi. Kutu ikishazila, gari linaanza kulegea kiunoni. Utaona mlango haukai sawa, nafasi yake juu na chini hazilingani, na ukipandisha jeki mlango unagoma kufunga. Hapo hata upake rangi ya dola 10,000, umevisha suti mgonjwa wa mifupa.

Kinachoyala magari haya hivyo ni chumvi. Aliyekulia pwani, Tanga au Mombasa, anajua mabati ya nyumba inayotazama bahari yanavyokwisha mapema. Huku bahari inaletwa barabarani kwa malori: kila msimu wa baridi Wamarekani humwaga zaidi ya tani milioni 10 za chumvi ili barafu iyeyuke. Maji ya chumvi hurahisisha ule mwendo wa umeme unaogeuza chuma kuwa kutu, nayo kutu inavimba, inapasua rangi na kufungua njia kwa maji mengine. Na jambo ambalo hunigusa kila nikilifikiria: chini ya jiji la Detroit, makao makuu ya magari ya Marekani, kuna mgodi wa chumvi wenye kina cha zaidi ya mita 300. Magari yalitengenezwa juu, na chini yake imelala chumvi ya kuyala.

Ndiyo maana picha ya chini haikunitosha. Nilisafiri kwenda Ohio, na Jumamosi asubuhi tukaenda kwa yule mzee na jagi la maji.

Mbele ya kioo cha Mustang kuna matundu ya kuingiza hewa. Chini yake umejificha mfereji wa bati unaopokea maji ya mvua na kuyatoa pembeni. Majani yakijaa humo, unyevu haukauki, na bati linaoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Tuliinua zulia la mbele, mdogo wangu akaingiza kichwa chini ya dashibodi na tochi mkononi, nami nikamwaga maji taratibu kwenye yale matundu. Hata sikumaliza nusu jagi. "Yanashuka, kaka," alisema, na maji yakawa yanachuruzika upande wa abiria, mekundu kama chai ya rangi. Kuziba tundu hilo ni kazi kubwa: fundi anatoboa sehemu zote zilizochomelewa, anabandua bati zima la juu, ndipo anaona kilichobaki.

Kisha sumaku niliyoifunga kwenye kitambaa. Iliganda vizuri kwenye mlango. Nyuma ya tairi la nyuma ikateleza na kudondoka. Hapo ni puti tupu, mtu aliziba tundu akapaka rangi juu. Bisibisi nayo, nikibonyeza reli ya mbele, ilikataa kuingia. Reli ya nyuma, karibu na springi, ilizama mpaka kwenye mpini.

Mzee alikuwa amesimama pembeni, kimya. Nilimwomba radhi kwa lile tundu. Akasema alikuwa analijua.

Namba ya gari nayo inasema mengi. Usitosheke na kibati cha mlangoni, maana milango hubadilishwa; itafute ile iliyogongwa kwenye bati la ndani la fenda ya kushoto, kisha uilinganishe na hati ya umiliki. Ya gari hili ilianza na 6T07T: mwaka 1966, kiwanda cha Metuchen huko New Jersey, bodi ya kawaida yenye buti, injini ya silinda sita. Kama badala ya 07 ingekuwa 09, ile yenye paa linaloteremka hadi nyuma, na herufi ya tano ikawa K, yaani injini ya nguvu za farasi 271, ningemwambia mdogo wangu alipe palepale, kutu na yote.

Lakini kwa 6T07T hesabu inakataa. Gereji nyingi za magari ya kale hutoza dola 100 kwa saa au zaidi, na gari lililooza kiasi hiki linaweza kumeza saa 1,000. Likishakamilika, la aina hii ni nadra kuuzwa zaidi ya dola 30,000. Kama unajua kuchomelea na una banda lako, hadithi inabadilika, kwa kuwa bati si ghali. Ghali ni saa za mtu. Mdogo wangu hana banda wala hajui kuchomelea. Kwake yeye ni nafuu aongeze dola elfu tano sita, atafute la Arizona au New Mexico, jua limechoma viti na rangi lakini chini ni kavu. Na anayewaza kulisafirisha nyumbani akumbuke kuwa Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8.

Tulimwambia mzee ukweli wote, tukataka kumpa dola 1,500 alichukue mdogo wangu kwa ajili ya vioo, milango na injini. Akakataa kwa upole. Kuna kijana anayejifunza kuchomelea angekuja kulitazama Jumapili. Basi tukamwomba jambo moja, akakubali: tukajaza upepo kwenye matairi, tukalisukuma sote watatu kutoka kwenye nyasi mbichi hadi ndani ya banda, juu ya sakafu ya saruji, tukayaacha madirisha wazi lipate hewa.