'Kidogo' chetu na 'chotto' ya Wajapani

Simama kwa dakika chache kwenye stendi ya Malindi usikilize watu wanavyosema. Makanga: "Ngoja kidogo, gari lajaa sasa hivi." Abiria: "Sogea kidogo nami nikae." Kwenye kibanda cha chai: "Tia sukari kidogo." Wa kwanza ametaja muda, wa pili umbali, wa tatu kiasi. Neno ni lile lile moja.

Wajapani nao wana lao: chotto. "Chotto matte kudasai" ni "tafadhali ngoja kidogo". Pilipili ikimwasha, Mjapani husema "chotto karai", yaani kikali kidogo. Akitaka usogee kulia husema "mou chotto migi", kidogo tena kulia. Penye adabu zaidi na katika maandishi, badala ya chotto hutumika sana sukoshi.

Liko pia neno sugu, wala si lile sugu la gotini. "Sugu ikimasu" ni "naja sasa hivi", na "sugu soko" ni "hapo tu". Na shibaraku je? Hilo ni kama kitambo chetu: "keti kitambo" ni muda mfupi, lakini "ni kitambo hatujaonana" ni siku nyingi. Shibaraku nalo hubeba maana zote mbili.

Je, haya yatufaa nini? Kijana wa Malindi au Watamu anayetaka kazi ya kuongoza watalii ajue kwamba chotto huweza pia kuwa "hapana". Umwalike mgeni apande mashua kesho, naye ajibu "Ashita wa chotto..." kisha anyamaze. Usingoje amalize, wala usimshike mkono. Amekwisha kukataa kwa heshima, kama vile sisi tunavyosema "haya, tutaona".

Upande wa pili, "hapo tu" yetu yaweza kumponza mgeni. Kutoka Malindi hadi magofu ya Gede ni kama kilomita 16. Ukimwambia mtu wa miguu kuwa ni hapo tu, jua la saa saba litamwonyesha ulivyomdanganya. Waliovuka Kilifi kwa feri, kabla ya daraja lililojengwa kwa mkopo wa Japani kufunguliwa mwaka 1991, wanajua "ngoja kidogo" iliweza kuwa ndefu namna gani!

Kwa hiyo, penye hatari toa hesabu. Bahari ikianza kujaa na mgeni yuko mwambani, au mtoto anapopewa dawa, "kidogo" hakitoshi. Jifunze dakika za Kijapani: ippun ni dakika moja, sanpun tatu, gofun tano, juppun kumi. Babu zetu hawakukosa vipimo vidogo: walikuwa na wanda, upana wa kidole, na shibiri, kutoka gumba hadi kidole cha mwisho. Wajapani walikuwa na sun, yapata sentimita 3.

Wanafunzi, msiogope lugha hii. Sisi twasema haba na haba hujaza kibaba. Wajapani husema "chiri mo tsumoreba yama to naru", hata vumbi likirundikana huwa mlima. Anza leo na neno moja, kesho ongeza jingine. Chotto tu!