Kupima Mlima kwa Picha: Fotogrametria na Istilahi Yake

Mtu asimamaye Giakanja, karibu na mji wa Nyeri, asubuhi isiyo na mawingu, hukiona kilele cha Mlima Kenya upande wa kaskazini-mashariki. Lakini kuuona mlima si kuupima. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi picha inavyogeuzwa kuwa kipimo, kisha kuuliza tuuite nini ujuzi huo, ambao wataalamu huuita fotogrametria.

Msingi wake ni rahisi. Msomaji na anyoshe kidole mbele ya uso, akitazame kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Kidole kitaonekana kuhama. Na kadiri kilivyo karibu ndivyo kihamavyo zaidi. Vivyo hivyo ndege ya upimaji hupiga picha mfululizo, kila moja ikirudia karibu asilimia 60 ya eneo la ile iliyotangulia, hata kila mahali pakaonekana kutoka pande mbili. Kilele, kwa kuwa ki karibu na kamera kuliko bonde, huhama zaidi baina ya picha hizo. Tofauti hiyo ikipimwa, kimo hujulikana.

Mlima Kenya ni ushahidi mzuri. Mwaka 1934 Carl Troll na Karl Wien waliipima barafuto ya Lewis, yaani mto wa barafu uteremkao polepole, kwa picha zilizopigwa kutoka ardhini. Mwaka 1974 ilipigwa picha kutoka angani, na R. A. Caukwell na Stefan Hastenrath wakaichorea ramani mpya. Ilipopimwa tena mwaka 2010, ilidhihirika kuwa imepoteza asilimia 90 hivi ya ujazo wa 1934. Kumbukumbu za wazee zingetuambia kuwa weupe wa mlima umepungua; zisingetuambia umepungua kwa kiasi gani.

Sasa istilahi. Huenda mtu akapendekeza “upimapicha”. Umbo hilo lina kasoro. Katika maneno ambatani kama mpiga picha au mkata kuni, nomino inayofuata kitenzi ni yambwa. Basi “upimapicha” ungefahamika kuwa ni kuipima picha, ilhali kipimwacho hasa ni ardhi, na picha ni chombo. “Upimaji kwa picha” ni istilahi ndefu zaidi, lakini kihusishi “kwa” huonyesha wazi uhusiano huo.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Mtoto wa Giakanja atakayesoma habari za barafuto baada ya barafu yenyewe kutoweka atategemea picha na maneno. Picha zimekwisha kupigwa. Maneno ni wajibu wetu.